Misumari ya Fimbo kule Kundelungu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimeketi juu ya magunia ya unga, nyuma ya gari lililotoka Lubumbashi alfajiri, na nyumba niliyokuja kuifanyia kazi sikuiona. Ukungu ulikuwa umeimeza yote. Nilisikia mtu akikohoa, harufu ya makala, yaani mkaa, ikanifikia, kisha mlango ukatokea mbele yangu peke yake, hauna ukuta wala paa. Nikacheka kama mjinga. Mlangoni alisimama mwanamke mnene mwenye funguo kiunoni. Huyo ndiye Mama Intendante, mkubwa wa vyumba na shuka.

“We njo Filomena, mutoto wa ule papa wa reli?”

“Ndiyo, mama.”

“Bon. Ingia. Huku ukungu haiombake ruhusa.”

Nyumba hiyo ya wageni ilikuwa ya mawe, vyumba saba, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Kundelungu. Waliokuja kulala walikuwa watu wa kutembea milimani: walimu, masista, mainjinia wa migodi waliochoka na vumbi, watu wa kutafuta maua. Wanakijiji waliwashangaa. Mtu ana gari lake zuri, halafu analiacha uani na kwenda kujichosha kwa miguu siku nzima! Nami niliwashangaa, mpaka asubuhi moja nilipofungua dirisha la ghala na kuona nyasi zote za uwanda ule zinapumua chini ya ukungu. Tangu siku hiyo sikumcheka mgeni tena.

Nyinyi mnaofanya kazi katika hoteli zenye lifti mtaniuliza tulijua nini. Tulijua mengi. Kiatu kilicholowa hakiwekwi karibu na mbabula, yaani jiko letu la makala, kwa sababu ngozi hupasuka; tulikijaza nyasi kavu na kukiacha mbali, kikauke polepole. Maji ya kuoga tuliyapeleka kwa ndoo, moja kila chumba, na ndoo ilipaswa kufika kabla mgeni hajaanza kutetemeka. Shuka tulizitandika zikiwa bado zina joto la pasi. Mgeni akirudi kutoka mlimani hapewi kwanza chakula, anapewa kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, akae kimya kidogo. Mama Intendante alisema mtu anayetoka juu hajarudi kamili, sehemu yake bado iko njiani, na tusimsumbue kwa maswali.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya fimbo. Barazani kulikuwa na ubao wenye misumari minane, saba ya vyumba, na wa nane wa mfanyakazi anayetoka kwenda chemchemi au kijijini. Kila msumari ulikuwa na fimbo yake. Anayetoka huchukua fimbo, na anayerudi huitundika yeye mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Saa kumi jioni Gérant, msimamizi wetu, alisimama mbele ya ubao na kuhesabu. Msumari mmoja ukiwa mtupu, tulipiga reli, kipande cha chuma kilichoning’inia kwenye mti wa uani, mpaka mwenye fimbo arudi. Niliposikia mlio wake mara ya kwanza nilimkumbuka baba yangu na karakana ya reli alikofanya kazi.

Mwaka wangu wa pili, majira ya mvua, Patron, yaani mwenye nyumba, alikuja kutukagua. Sisi wote tulikuwa roho juu. Baba alikuwa mgonjwa Lubumbashi, na mshahara wangu ndio uliomnunulia dawa, kwa hiyo nilisugua hata mahali ambapo macho hayafiki. Baada ya chakula cha mchana niliona fimbo ya namba nne imeegemezwa kwenye kiti cha barazani, ina matope mpaka katikati. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mzee aliyestaafu, mpole, mpenda uyoga. Nikasema moyoni, huyu amerudi akasahau. Nikaifuta, nikaitundika vizuri, nikaendelea na kazi.

Saa kumi Gérant akahesabu, Patron akiwa pembeni yake. Fimbo nane, misumari minane. Wakaingia ndani kunywa chai.

Karibu saa kumi na moja nilipeleka ndoo namba nne. Nilibisha, kimya. Nikasukuma mlango. Taulo ilikuwa imekunjwa vilevile nilivyoikunja asubuhi, na viatu havikuwapo. Hapo nikaelewa. Mzee alikuwa amerudi kula tu, akaiacha fimbo nje ya msumari kwa sababu alikuwa anatoka tena bila kuihitaji, hapo karibu, kuokota uyoga. Msumari mtupu ungemsemea. Mimi niliuziba.

Nilisimama na ile ndoo inanichoma vidole. Naandika haya kwa aibu: nilitaka kunyamaza. Ningeweza kuitoa fimbo ile polepole na kupiga kelele kwamba msumari ni mtupu, na nani angejua? Lakini dirishani ukungu ulikuwa mweupe kabisa, na upande ule ukingo wa uwanda hauna ukuta. Nikaenda sebuleni.

“Papa Gérant, ule mwalimu wa namba ine hayarudia bado.”

“Fimbo yake iko pa musumari.”

“Ni mie nilitundika.”

Patron akaweka kikombe chini. “Nani alikuambia utundike?”

“Hakuna mutu, Patron. Nilitaka kukuwe propre, safi.”

Gérant hakunigombeza. Alisimama tu, akanipa nyundo, akasema, “Kuya huku. Ni we utapiga.”

Nikapiga. Mara tatu, kisha unanyamaza na kusikiliza, kisha tatu tena. Kila pigo lilitoka mkononi mwangu likaingia kwenye ule weupe na kupotea. Baada ya muda sikuiona nyumba, sikuuona mti, nikabaki mimi na chuma, na ikawa kama nimekuwa nikipiga pale tangu nizaliwe. Nilimwomba Mungu kwa Kiluba cha mama yangu. Viganja vikachubuka. Nilihisi kwamba nikikosa pigo moja, mzee ataacha kuwapo.

Akatokea kabla giza halijashika, hana kofia, amebeba uyoga kwenye leso. Alikuja mpaka mbele yangu, akaushika ule mkono wenye nyundo.

“Nilisikia reli nyuma yangu, mama,” alisema. “Nyuma! Na mie nilizani nyumba iko mbele.”

Mbele yake ulikuwa ukingo. Nililia mbele ya Patron na sikujali.

Kesho yake Gérant aliniita. Patron alitaka nifukuzwe. “Nilimuambia, huyu hatasahau tena, mwingine njo atasahau,” Gérant alisema. “Donc, kuanzia leo ni we utahesabu. Na usiniambie hata siku moja, ‘najua iko wapi.’ Hata unajua, musumari ikikuwa bule, haina fimbo, piga!”

Nikahesabu kila jioni kwa miaka yote iliyobaki. Gérant yule alistaafu, akaja wa pili, kisha wa tatu mwenye simu inayoonyesha njia. Yule wa tatu alitaka kuutoa ubao, mpaka simu yake ilipozimika mlimani na reli ikamrudisha kwa munkoyo wake. Mama Intendante alipoondoka, funguo zilihamia kiunoni mwangu, nami nikawa mnene vilevile. Ukiniuliza leo kazi ya nyumba ya wageni ni nini, nitakujibu kwamba si kitanda wala si chakula. Ni kujua nani bado yuko nje.

Siku yangu ya mwisho kazini niliagana na wote. Charlotte, mjane niliyemfundisha kazi kwa miaka mitatu, ndiye aliyebaki na ubao. Nilichukua fimbo ya msumari wa nane, iliyokuwa imeshika umbo la kiganja changu, nikapanda gari nayo. Charlotte aliniona nikiichukua.

Chini ya mteremko, kwenye mto, dereva alisimama kupoza injini. Nilikaa juu ya jiwe nikitazama ukungu ukishuka kule tulikotoka. Ndipo nikaisikia. Mara tatu, kimya, mara tatu.

“Banapiga reli,” dereva alisema. “Kuko mutu hayarudia bado.”

Niliitazama fimbo mapajani mwangu. Charlotte alijua vizuri nilipo. Alinifungia mwenyewe mlango wa gari. Lakini ilikuwa saa kumi, na msumari wa nane ulikuwa mtupu.

Tukaondoka bado anapiga. Sikuisikia ikikoma, ni gari tu lililonitoa kwenye mlio wake. Sasa niko Lubumbashi, na fimbo ile imeegemea nyuma ya mlango wangu. Wajukuu wameniuliza mara nyingi kama wanipigie msumari wa kuitundika. Nimewakataza, kwa sababu msumari wake uko kule.