Bakuli Lililomponyoka Mama Mkubwa

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea, alikuwa na njia yake ya kutengeneza mayonezi. Viini vya mayai alivipiga na maji ya ndimu tatu, akaweka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, akakoroga polepole mpaka vishike kijiko. Ndipo akaongeza mafuta. Mayai ya mji wetu wa Kindu, Kongo, yalikuja kwa mtumbwi kutoka vijijini, siku nyingi juani, na yeye aliamini moto na ndimu ndivyo vinavyoua uchafu usioonekana. Mimi, niliyesomea upishi kwa masista, nilimcheka. Kitabu chetu kilitaka viini vibichi na matone ya ndimu tu.

Wiki moja baada ya ndoa yangu, wakwe walikuja kuonja mkono wa bibi arusi. Baba mkwe alivaa abakosti, suti ile isiyo na tai, iliyopigwa pasi. Niliandaa viazi, na mayonezi yangu mabichi katikati. Mama mkubwa, aliyekuja kunisaidia, akaonja kwa ncha ya kidole, akaniita pembeni.

"Mutoto wangu, mayai hii haikuona moto. Ndimu nayo njo kidogo sana. Usipatie watu."

"Mama mukubwa, hiyo ni mambo ya zamani," nikasema kwa sauti, kwa kiburi changu chote.

Mama mkwe akasikia. "Kumbe chakula ya bibi arusi iko na matata?"

"Hapana, mama. Njo tamu sana," mama mkubwa akamjibu.

Akajipakulia, akala sahani nzima mbele yao. Kisha, alipokuwa akipitisha bakuli, likamponyoka, mayonezi yote yakamwagika mchangani. Mwanamke aliyebeba mitungi ya maji ya mto maisha yake yote! Wakwe walikula viazi kwa pilipili, wakanisifu. Mimi nilimnunia.

Kesho yake jirani alileta habari kwamba mama mkubwa anatapika na kuharisha. Nikasema anajifanya, anataka nionekane mbaya. Siku ya tatu nikaambiwa amelazwa. Nikaendelea kufua nguo. Siku ya nne hasira ikapoa, nikampelekea uji hospitalini. Nilikuta kitanda chake kimekwisha tandikwa shuka nyingine.

Ninajuta mpaka leo. Viini navikoroga juu ya moto, ndimu tatu, na wajukuu wananung'unika kwamba mayonezi ni machachu.

Wakwe zangu hakuugua hata mmoja. Mama mkwe aliishi miaka mingi, na kila alipokuwa na wageni aliwasimulia jinsi mama yangu mkubwa alivyopenda mapishi yangu.