King'ora Kilichosubiri Ruhusa

Saa nne asubuhi, Cimpunda, mtaa wa mlimani mjini Bukavu. Eulalie M'Akonkwa anashuka mteremko kinyumenyume, kisanduku cha plastiki mkononi, macho kwenye taa ndogo ya kijani. Akipiga hatua mbili kushoto, taa inazimika. Akirudi, inawaka. Majirani wameshazoea, wengine humcheka kwamba anatafuta mume kwa redio.

"Bacheke tu," anasema. "Radio haijuwe kuzunguka mulima. Isipoona piquet, haisikie kitu."

Piquet ni vigingi alivyovisimika mteremkoni. Eulalie, mwenye miaka thelathini na mmoja, hufunga antena za intaneti juu ya mapaa ya wenye maduka, kazi inayompa dola mia na ishirini mwezi ukiwa mzuri. Lakini kazi anayoijua hasa ni hii: kuufanya mlima useme kabla haujaanguka.

Kila kigingi kina kifaa kinachopima unyevu wa udongo na mwinamo wa kigingi. Kigingi kikiinama, hapo hapo kifaa kinatuma neno fupi kwa redio, bila waya na bila intaneti, kwa sababu umeme ukikatika Bukavu, mtandao nao huenda zake. Kisanduku kikipokea neno hilo, kinapaswa kuliza king'ora.

Kinapaswa. Miaka miwili iliyopita shirika moja la misaada lilimwajiri aujenge mfumo huo mtaani kwao. Vigingi kumi na viwili vikasimama, watu wakafurahi. Ndipo msimamizi wa mradi, Thierry, alipotaka jambo moja liongezwe: king'ora kisilie mpaka yeye abonyeze kitufe cha kuthibitisha kwenye simu yake. Aliogopa kwamba watu wakikimbia bure, wafadhili watauliza maswali.

"Nilimwambia, Monsieur Thierry, mulima haingoje mutu," Eulalie anakumbuka. "Akasema ni procédure, utaratibu wa kazi. Na mie nikaiandika, na mikono yangu. Kuiandika ilinikamata nusu siku tu."

Ijumaa moja ya Aprili, baada ya mvua ya siku tatu, vigingi vinne viliinama. Taarifa ilitoka saa nane na dakika sita. Simu ya Thierry ilikuwa ndani ya kikapu mlangoni mwa ukumbi wa hoteli, pamoja na simu za wageni wote, zisisumbue mkutano. Humo ndani alikuwa akiwaonyesha wafadhili jinsi mfumo wa Cimpunda unavyookoa maisha. Eulalie alikuwa mjini, juu ya paa la watu. Ujumbe haukuwa umeelekezwa kwake.

Mlima ulingoja dakika thelathini na nane. Kisha ukaondoka na nyumba tatu. Maombi, mke wa seremala Papa Ezéchiel, alikuwa uani akichambua maharage. Alizikwa Jumapili.

Ripoti ya mradi, ambayo Eulalie ametunza nakala yake, inasema mfumo ulifanya kazi. Karatasi haina aibu. Yeye walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wakampa cheti chenye muhuri, kisha wakang'oa vifaa vyao wakaenda.

Thierry, kwa simu, anajibu kwa sauti ya chini: "Nilifuata procédure. Mie pia silale muzuri." Huenda ni kweli. Lakini hasira ya Eulalie haiishii kwake; inarudi nyumbani kila jioni.

"Ye alisema," anasema Eulalie. "Lakini ni mie niliandika."

Sasa anaujenga upya peke yake. Vigingi ni saba, betri zake amezitoa kwenye simu mbovu. Tatizo ni kwamba mahali pekee panapoviona vyote saba ni ukuta wa jiko la Papa Ezéchiel, uliobaki umesimama nyumba yake ilipoondoka. Mwezi mzima amepakwepa. Leo taa ya kijani imekataa kila pahali pengine.

Mzee anamwona amesimama langoni. Anaendelea kupiga randa ubao wake.

"Papa, nilikuya kuomba ukuta."

"Hii yako, itaita nani kwanza?"

"Haiite mutu, Papa. Inalia tu."

"Ile bouton ya kubonyeza haiko?"

"Haiko."

Randa inasimama. Papa Ezéchiel, miaka sitini na minane, goti moja bovu, anachukua fimbo na kwenda kusimama uani, pale alipokuwa amekaa Maombi.

"Basi ilize," anasema.

Eulalie anafunga king'ora ukutani kwa kamba, kisha anakwenda kukiinamisha kigingi cha karibu kwa mkono. Sauti inapasua mtaa. Kuku wanatawanyika, akina mama wanatoka milangoni. Mzee anaanza kupanda kuelekea barabarani, bila haraka, akipumzisha goti mara mbili. Anafika upande ambao udongo haukuugusa, anageuka.

"Dakika ngapi?"

Eulalie anaangalia saa ya kisanduku.

"Mbili, Papa. Na kidogo."

Mzee anakaa juu ya jiwe.

Eulalie anataka kufikisha tena vigingi kumi na viwili kabla mvua za Septemba hazijakaza, na mchoro wake atampa bure yeyote atakayeuomba, ilimradi asiongeze kitufe.

Kisanduku chenyewe hakukifunga Eulalie. Papa Ezéchiel alileta nyundo na misumari minne, akakipigilia mwenyewe kwenye ukuta wa jiko, na hakutaka kusaidiwa. Msumari wa mwisho ulipoingia, alisema bila kugeuka:

"Maombi alikuwa anatembea mbio kunipita mie."