Jina la Kuandika kwenye Nyumba ya Mama

Mama alipofariki Lubumbashi, mume wangu ndiye aliyenunua jeneza. Tumetengana miaka mingi huku Ubelgiji: yeye anakaa mtaa wa Flagey, mimi nilikuwa na chumba na sebule mtaa wa Saint-Josse, juu ya duka la mboga. Lakini mahari haijarudishwa, kwa hiyo kwetu yeye bado ni mkwe, na mkwe ndiye hununua jeneza la mama mkwe. Alituma pesa asubuhi ileile, kisha akawarushia wajomba zangu wote picha ya risiti. Mtu ambaye hakuwahi kuninunulia hata dawa ya kikohozi! Nikanyamaza, mila ni mila. Hapo ndipo nilipokosea.

Pensheni yangu ni ndogo, kwa sababu nilianza kusafisha ofisi za watu nikiwa mtu mzima. Serikali huniongezea kitu juu yake, maana naishi peke yangu na sina mali. Bila nyongeza ile, kodi ingenishinda. Sasa mama, kabla hajafa, alikuwa amewaambia wajomba kwamba nyumba yake ni ya binti yake wa kwanza. Nilifurahi kama mtoto, halafu nikaogopa. Mwanamke wa kaunta pale komini, ofisi ya serikali ya mtaa, aliniambia waziwazi: nyumba, hata ya Afrika, lazima itajwe, na hesabu ifanywe upya. Nikamuuliza kama naweza kwenda kuishi ndani yake. Naweza, akasema, ila nikihama Ubelgiji nyongeza inakatika. Nyumba kule, mkate huku.

Jumapili baada ya misa mume wangu akaja, amevaa koti lake la msibani, akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Mama wa batoto, uskie bien," akasema. "Nyumba ikiwa na jina yako, bale ba bureau batakukata. Baiandike kwa jina yangu. Tuko séparés, donc bintu yangu habawezi kubihesabia kwako."

Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa anasema kweli: tumetengana, kwa hiyo mali yake haihesabiwi kwangu.

"Na ndugu yangu mudogo? Anaishi mule kwa mama na batoto yake."

"Atabakia. Bon, tutaona."

Hiyo "tutaona" naijua. Aliniambia hivyohivyo nilipomuuliza kama angerudi nyumbani.

Mchana uleule wajomba walikutana Lubumbashi, uani kwa mama, kuamua nyumba iandikwe jina la nani, wakanipigia kwa video. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, mume wangu akasogeza kiti ili naye aonekane. Ndugu yangu alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Mdogo hasemi mbele ya wajomba.

"Mukwe njo alinunua sanduku ya kuzikia mama," mjomba mkubwa akasema. "Ni mutoto wa hapa. Tuandike yeye, na mwipwa wetu abakie na franga zake za Bulaya. Kuko mwenye kukatala?"

Vichwa vikatikisika kukubali, kimoja baada ya kingine. Mume wangu akakohoa kidogo, tayari kushukuru.

"Miye nakatala, mujomba," nikasema. "Muandike miye."

"Batakukata, mama!" mjomba mkubwa akapaza sauti.

"Bakate."

Mjomba akauliza, kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa heshima, "Na sanduku?"

"Sanduku alimununulia mama. Hakununua nyumba."

Ndugu yangu akajifunika uso kwa mikono. Mume wangu akainuka, akachukua kofia yake, akaniambia nina kichwa kigumu na nitakufa maskini. Hakuwaaga wajomba.

Jumatatu nilikwenda kaunta mwenyewe, nikasema nina nyumba. Wamenikata, na si kidogo. Chumba na sebule nimeviacha. Sasa napanga chumba kimoja tu, choo natumia pamoja na majirani. Siku nyingine najuta kabisa, sisemi uongo. Ndugu yangu na watoto wake bado wako kwa mama, hakuna aliyewagusa.

Mume wangu hupita mara mojamoja kuniuliza, kwa huruma ya kinafiki, kama nyumba ile inanilisha. Namjibu kwamba hainilishi. Kisha nafunga mlango haraka, kwa sababu natetemeka kwa hasira na kwa njaa, na sitaki ajue ni ipi iliyozidi.