Siku Baba Alipobeba Kuku Mwekundu

Nilipokuwa mtoto, huko Pugu hakuna aliyepita karibu na pango jua likiwa la utosi. Asubuhi wanawake walichota maji ya kijito kilichotoka chini yake, na jioni vilevile, lakini saa sita mchana njia ile ilikuwa tupu kama imefagiwa. Wazaramo, wenyeji wetu, walisema hiyo ndiyo saa ya kinyamkera, pepo wa pangoni, na kwamba akimpenda mtoto humfuata mpaka nyumbani.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Tulikuwa wageni pale, tumetoka Usambara, naye alipelekwa na misheni kulea kanisa dogo la udongo ambalo viti vyake vilikuwa magogo. Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Watu walimwita Mwalimu. Jumapili hata Jumapili aliwaambia waache kupeleka sadaka pangoni, nao wakaitikia amina.

Ndipo mdogo wangu Yona, mtoto wa miaka mitano, akashikwa na homa. Alikuwa ameshinda akicheza kijitoni mchana kutwa. Kuanzia siku ya pili, kila jua lilipofika utosini aliinuka mkekani, akautazama mlango uliokuwa wazi, kisha akasogea ukutani kama unavyompisha mtu akae.

"Karibu," alisema kwa adabu.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Baada ya muda alilala tena huku akitetemeka. Siku ya tatu niliona hata mama hakai tena upande ule wa mkeka.

Bi Mwanaidi, jirani yetu, alikuja kumtazama. Alikuwa mwanamke mwema, ndiye aliyemfundisha mama kupika mboga za pwani. "Mama Damari," alisema, akimwita mama kwa jina langu, "mtoto huyu ameshapendwa. Kinyamkera apelekewe kuku mwekundu na kitambaa cha bafta nyeupe, adhuhuri, na mzazi mwenyewe. Siwaambii kwa ubaya."

Jioni alikuja Mzee Petro, mzee wa kanisa. Nilidhani atayapinga maneno yale. Aliuangalia mlango kwanza, kisha akasema taratibu, "Nenda, Mwalimu. Hakuna atakayejua. Sie sote tumewahi kwenda."

Baba alimsindikiza mpaka njiani. Mama alilia usiku kucha bila kutoa sauti, nami nilijua kwa kuwa tulilala mkeka mmoja.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, nilimwona baba akitoka uani amevaa kanzu yake ya kanisani. Chini ya kwapa alibana kitu kilichokuwa kikipapatika. Nikamfuata kwa mbali. Mpaka leo sijui kama nilitaka kumzuia au nilitaka kuona kama itafaa.

Pangoni palikuwa na ubaridi usiokuwa wa saa ile. Vitambaa vya zamani vilining'inia kwenye mizizi, vingine vimeoza, na vibakuli vilivyovunjika vilikuwa vimetapakaa chini. Ndege hawakulia. Baba alisimama mbele ya mdomo wa pango na kuku mikononi, midomo ikimcheza, nami nilishindwa kujua anamwomba nani.

Kisha mle ndani mtoto akaita, "Baba."

Ilikuwa sauti ya Yona. Yona tuliyemwacha mkekani, hawezi hata kushika kikombe.

Baba alipiga hatua moja mbele. Akasimama. Akasema, kwa utulivu kama anayemjibu mtu aliyekosea nyumba, "Mwanangu yuko nyumbani." Akageuka, na hapo ndipo aliponiona.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia, baba."

"Mie pia. Mtu akikuuliza, usimwambie hukusikia."

Tulirudi na kuku wetu. Mchana uleule alimfunga Yona mgongoni kwa kanga ya mama, akaenda naye kwa miguu mpaka hospitali mjini. Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani, na wangechelewa siku moja zaidi asingepona. Yona alipona, ila sikio lake la kushoto halikusikia tena.

Tungeweza kuyaacha hapo. Mzee Petro alimsihi baba ayaache hapo. Jumapili iliyofuata baba alisimama mbele ya watu, akasema, "Niliwakataza kwenda pangoni. Wiki hii nilikwenda mwenyewe, na kuku mwekundu mkononi. Sikumwacha kule, lakini nilimbeba kutoka nyumbani nikijua ninampeleka wapi."

Baadhi ya watu waliondoka kabla ya baraka. Habari zikafika misheni, baba akavuliwa kazi na kuzuiwa kushiriki meza ya Bwana, mkate na divai, kwa nusu mwaka. Hakukosa ibada hata moja. Alikaa gogo la mwisho, pamoja na wale waliokuwa bado hawajabatizwa, akamsikiliza Mzee Petro akisoma Neno kwa kubabaika.

Nimekuwa mtu mzima, nimezika wazazi wote wawili, na sijapata maelezo ya sauti ile. Huenda ulikuwa mwangwi, huenda hofu ilitufanya sote wawili tusikie kitu kimoja. Sibishani na mtu.

Ninachokumbuka zaidi ni miezi ile ya gogo la mwisho. Zamani, baba alipokuwa mbele, watu walimpa amina na kwenda zao. Sasa walianza kuja kwa mlango wa uani, mmoja mmoja, wakakaa naye jikoni wakimwambia wanachokiogopa. Aliwasikiliza, akaomba nao. Baadaye misheni ilimrudishia kazi yake, na mama akamfulia kanzu. Lakini mie nadhani uchungaji wake ulikuwa umeanza kabla ya hapo, siku alipokubali watu wajue jinsi alivyokaribia kuanguka.