Chuma Kilichokatwa kwa Ajili ya Shela

Mume wangu alikata chuma cha gari kwa sababu ya video ya harusi. Sina namna nzuri ya kulisema hilo.

Ni gari dogo la Kijerumani, la zamani, milango miwili, injini ya mbio, paa la turubai linalokunjwa nyuma. Magari ya aina hiyo yenye paa la bati bado unayaona Arusha. La kufunguka nalijua hilo moja. Alilipaka rangi nyeupe akaanza kulikodisha kwa maharusi.

Nyuma ya viti vya mbele kulikuwa na chuma kinachopita juu, ubavu hadi ubavu. Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini najua: gari la namna ile likipinduka, kile chuma ndicho kinachobaki kati ya kichwa chako na lami. Sasa, maharusi wetu hawakai kwenye kiti. Wanapandishwa juu ya turubai lililokunjwa, wapunge mkono, matarumbeta yakipiga kwenye pikapu mbele. Mpiga video akalalamika chuma kinakata picha, shela haionekani. Mume wangu akalipeleka gari kwa fundi Kimandolu, kikaondolewa kwa grainda. Tangu hapo bodi imelegea, mlango wa kushoto haushiki. Ukipita kwenye mashimo unafunguka wenyewe, taratibu, kama kuna mtu anashuka.

Jumapili ya ubatizo wa mtoto wetu tuliamkia kwa wakwe, juu mlimani. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilipotoka uani nikakuta gari limepambwa maua. Wifi yangu akanieleza mpango wao huku akicheka: mjukuu wa kwanza hashuki kanisani amefichwa kama mkungu wa ndizi wa kupeleka sokoni. Yeye atampakata pale juu, ukoo wote umwone. Njia ile ni kona tupu, na kushoto ni korongo.

"Mtoto hapandi," nikasema.

Mume wangu akaendelea kufuta kioo. "Usianze. Wamekaa pale watu wangapi? Nani ameanguka?"

"Bado."

Mama mkwe akanisogelea, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, baraka nayo inaogopwa?"

"Baraka siiogopi, mama. Namwogopa mwanao."

Nikamfunga mtoto mgongoni, gauni la ubatizo likakunjamana lote, nikavua viatu nikaanza kushuka kwa miguu.

Wifi akapanda juu peke yake, kwa hasira, wakanifuata wakiimba pambio. Nilisikia mlango ukigonga kila penye shimo, nyuma ya kisogo changu. Kwenye kona ya pili gari likateleza kwenye tope, likasimama tairi moja ikining'inia korongoni. Wifi alishuka, akaja kutembea pembeni yangu.

Mume wangu anasema ilikuwa tope tu. Jumamosi hii ana harusi Sekei. Bibi harusi simjui, wala mama yake. Ningejua nyumba yao, ningeshafika.