Mchanga wa Veranda Yangu

Veranda yangu niliipamba kwa mikono yangu mwenyewe, na hata baada ya aibu iliyonipata bado najivunia. Wamama wa chama walikuwa wanakuja kwangu kwa mara ya kwanza. Pesa sikuwa nayo. Nilikuwa na nusu mkebe wa rangi nyeupe aliyobakisha kaka yangu kazini, na matairi mawili ya kupandia maua.

Jioni ilinikuta bado napaka, nikawasha taa ili nimalize. Mtu wa Kisumu anajua taa inaita nini. Wale wadudu wadogo wa ziwani walikuja kama moshi, wakanasa kwenye rangi mbichi ukuta mzima. Mwenye akili angengoja ikauke awafagie. Mimi niliwapaka rangi juu yao.

Asubuhi ukuta ulikuwa na vipele vidogo vidogo, na kusema kweli ulipendeza. Wamama walipofika walisimama wakiuangalia.

"Ulitumia fundi gani?" akauliza Mama Akinyi, mwenyekiti wetu.

"Ni mimi mwenyewe," nikasema, kifua mbele. "Nilichanganya rangi na mchanga wa ziwa. Nairobi siku hizi ndio staili."

Nikawaeleza mpaka jinsi ya kuuchekecha. Wawili wakapiga picha. Mama Akinyi akavaa miwani, akakwangua kipele kimoja kwa ukucha, akakitazama kiganjani kwa muda mrefu.

"Mama Otieno," akasema polepole, "hii mchanga yako iko na mabawa."