Usiwaambie Watangulie

Nakumbuka siku moja, mwanangu, enzi zile tunahimizwa tuhame milimani tukaishi vijiji vya Ujamaa huku tambarare, nilishuka kwa miguu kwenda Same kupanda basi. Mama yangu alikuwa hoi kule Kifaru, nami nilitaka kumwona angali hai. Tulitoka kundi la wanawake, wenzangu wakienda gulioni na ndizi zao kichwani.

Baridi yabisi ilikuwa imeniingia tangu usichana. Wewe unayajua maumivu haya, sina haja ya kukusimulia. Siku nyingine unaamka mzima kabisa, mpaka watu wanadhani unadeka. Asubuhi ile niliamka mzima, basi nikajiona mwanamke wa shoka! Sikumwambia mtu neno. Na kila mtu hufikiri kazi ni kupanda mlima. Thubutu! Magoti mabovu yanaadhibiwa wakati wa kushuka. Tulipofika chini yalikuwa yamevimba, wenzangu wakawa wananitazama.

"Tangulieni, nitawafikia," nikasema huku nacheka. Wakaenda.

Haukupita muda miguu ikagoma. Nikakaa vumbini katikati ya miiba, na pale pembeni nikaona mavi ya tembo, mabichi kabisa. Mungu wangu! Nyika ile ilikuwa ya tembo na simba, sisi wapita njia tu. Nikajaribu kuinuka, nikaanguka. Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa wanyama wasije wakanisikia kabla ya watu. Jua linashuka, kijiti kikivunjika tu moyo unaruka. Nikamwaza mama anavyonisubiri, nikalia kimya kimya.

Mara namwona Bibi Nanzia, shangazi wa mume wangu, anarudi mbio peke yake bila mzigo. Wengine alikuwa amewatuma kambi ya mkonge wakaite wanaume.

"Nisamehe, shangazi. Sikutaka kuwachelewesha."

"Na umetuchelewesha kweli kweli! Ungesema asubuhi, tungeondoka mapema tukapumzika njiani. Haya, sogea."

Akakaa, mgongo wake ukigusa wangu, kila mmoja akiangalia upande wake wa pori. Nikausikia mgongo ule unatetemeka.

"Shangazi, hata wewe unaogopa?"

"Naogopa mno. Ulidhani ukificha maumivu yako utaogopa peke yako?"

Vibarua wa mkonge walipotufikia na machela ya magunia, giza lilikuwa linaingia. Niliingia Same nimebebwa, watu wananitazama. Kesho yake nikapandishwa basi, na Kifaru nilimkuta mama angali anapumua.

Sasa wewe unakwenda Dodoma na mwili huo huo wa ukoo wetu. Nenda, sikuzuii. Ila usipange safari kwa kuangalia siku uliyoamka vizuri, panga kwa ile mbaya. Jiachie siku ya kupumzika, lala kwa ndugu njiani hata wakikucheka. Dawa ziwe karibu na mkono, sio chini ya begi. Na utakayekaa naye, mwambie kabla gari halijaondoka: mimi ni mgonjwa, ukiona nimenyamaza niulize.

Mungu akutulizie viungo, mwanangu, akupe watu wema njiani, akufikishe na kukurudisha. Ukifika tu, nipigie simu, hata iwe usiku wa manane. Nitakuwa macho.